Azaria, jina lililotafsiriwa gazetini

Fungua Biblia ya Kiswahili kwenye kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Utawakuta vijana wanne wa Kiyahudi waliochukuliwa mateka mpaka Babeli: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Mkuu wa matowashi aliwabadilisha majina, na huyo wa mwisho akamwita Abednego. Ndiye yule yule wa tanuri la moto, ambaye kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa anamjua pamoja na wenzake Shadraka na Meshaki. Jina alilopewa na wazazi wake, Azaria, kwa Kiebrania lina maana ya kwamba Mungu amesaidia. Kulijua hilo hakuhitaji profesa. Kunahitaji dakika tano na kitabu.

Mwaka 1980, nchini Australia, dakika hizo tano hazikupatikana, na familia moja ikalipa kwa miaka 32.

Michael Chamberlain alikuwa mchungaji wa Kanisa la Waadventista Wasabato huko Mount Isa, mji wa migodi katika jimbo la Queensland. Yeye na mkewe Lindy walikuwa na wavulana wawili, Aidan wa miaka 6 na Reagan wa miaka 4. Juni 11 mwaka huo wakapata binti, wakamwita Azaria. Agosti wakapakia mahema kwenye gari lao la njano, Holden Torana, wakashika njia kwenda Ayers Rock, ule mwamba mwekundu ulio katikati ya nchi kavu, ambao wenyeji wake, Waanangu, wanauita Uluru.

Usiku wa Agosti 17, Jumapili, walikuwa wakipika nje pamoja na wapiga kambi wengine. Azaria, wiki tisa tu tangu azaliwe, alikuwa amelazwa hemani karibu na Reagan. Kilio kikasikika. Mama mwingine aliyekuwa pale penye moto alikisikia pia, na wakati huo Lindy alikuwa amesimama naye. Lindy akaenda hemani, na hapo akamwona dingo anatoka. Dingo ni mbwa wa porini wa Australia, mwenye rangi ya mchanga. Mama akapiga kelele kwamba mbwa amemchukua mwanawe. Watu wapatao 300 walitawanyika gizani na tochi. Waanangu wenye ujuzi wa kusoma nyayo waliufuata mkondo wa mnyama huyo kwenye mchanga na kusema wanachokiona: dingo amepita hapa, na amebeba kitu.

Wala halikuwa jambo lililotoka mbinguni ghafla. Mhifadhi mkuu wa eneo lile, Derek Roff, alikwisha kuwaandikia wakubwa wake kwamba dingo wamezoea watu mno na akaomba risasi za kuwapunguza. Wiki chache kabla, mtoto mwingine mdogo alikuwa amevutwa na dingo kutoka kwenye gari, papo hapo kambini. Waliokuwepo usiku ule hawakuwa na sababu ya kumtilia shaka mama yule. Shaka ilikuja baadaye, na ilisafiri kwa magazeti.

Yaliandika kwamba jina Azaria maana yake ni kafara jangwani.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno kafara. Sisi ni watu ambao jirani akijenga nyumba haraka tunauliza amemtoa nani. Basi mfikirie mchungaji wa dhehebu ambalo majirani hawalielewi, anayekwenda kanisani Jumamosi na hali nguruwe, ambaye mwanawe ametoweka jangwani, halafu gazeti likuambie kwamba tangu siku ya kuzaliwa mtoto huyo aliitwa kafara ya jangwani. Hakuna haja ya ushahidi mwingine. Sijui nani aliyekuwa wa kwanza kulitamka. Nikisoma Walawi 16, kuhusu yule mbuzi anayepelekwa jangwani kwa Azazeli, nahisi kuna mtu alichanganya majina mawili yanayoanza kufanana. Kosa la aina hiyo hufanyika. Lakini lilipita kwa mwandishi, likapita kwa mhariri, likapita mtamboni, na katika wote hao hakuna aliyenyanyua simu kumuuliza padri au rabi.

Likishapita moja, mengine hufuata kwa urahisi. Ikaandikwa kwamba mama alimvalisha mtoto gauni jeusi. Kweli, Lindy alikuwa amelishona kwa mkono wake mwenyewe, jeusi lenye nakshi nyekundu, kwa sababu alipenda rangi hizo. Ikaja habari ya jeneza dogo jeupe nyumbani kwa mchungaji. Lilikuwepo: Michael alilitumia kwenye semina zake za kuwasaidia watu kuacha sigara, kuwaonyesha mwisho wa uvutaji. Mauaji ya Jonestown, ambako zaidi ya watu 900 wa dhehebu la Jim Jones walikufa, yalikuwa hayajatimiza miaka miwili, na Wasabato wakatiwa kapu moja na watu wale. Kila kipande kilichoandikwa kilikuwa na punje ya ukweli ndani yake, na hiyo punje ndiyo iliyokifanya kikubalike.

Kisha uso. Walipohojiwa kwenye televisheni, wazazi hawa hawakulia inavyotakiwa. Walizungumza kwa utulivu wa watu wanaoamini ufufuo. Magazeti yakahesabu machozi. Yakaandika mavazi ya Lindy, miwani yake, kiatu chake. Kila aliyewahi kufiwa anajua kwamba kuna msiba wa kupiga mayowe na kuna msiba unaokausha macho, na kwamba wanaokaa kimya matangani mara nyingi ndio wanaobebwa hospitali siku ya arobaini. Mhariri naye anajua hivyo, maana naye kwao kumewahi kuzikwa mtu. Akiwa ofisini anasahau.

Hapa nitaomba kusema jambo la kwangu, kwa sababu si haki kuyasema ya Australia kana kwamba sisi tulikuwa mbali.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mwandishi wa mkoa, katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Mwandishi wa mkoa halipwi mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, nauli yako imekwenda. Siku moja mtoto wa miaka mitatu alikutwa amekufa kwenye shimo lililojaa maji ya mvua, lililoachwa na wafyatua tofali. Nilifika pale jioni, watu wamejaa. Wakaniambia mama wa mtoto ametoka kununua cherehani mpya wiki ile ile, na pesa hawajui kaitoa wapi. Wakaniambia na mengine. Niliandika kwa uangalifu niliofundishwa: inadaiwa, inasemekana, kwa mujibu wa majirani. Nikatuma. Asubuhi kichwa cha habari kilisema MAMA AMTOA MWANAWE KAFARA, na mwishoni kulikuwa na alama ya kuuliza.

Nimeifikiria sana alama ile. Mhariri aliiweka ili akiulizwa aseme hatukusema, tuliuliza. Lakini nani anaisoma alama ya kuuliza? Gazeti letu halisomwi na walionunua tu. Linasomwa na watu ishirini waliosimama mbele ya meza ya muuza magazeti kituo cha daladala, wanasoma ukurasa wa mbele bila kugusa, wanapanda gari wanakwenda. Linasomwa redioni alfajiri, na mtangazaji akisoma, sauti yake haipandi mwishoni. Na neno inasemekana, ambalo tunalitumia kama ngao, halina mtenda. Imesemekana na nani? Muundo wa neno lenyewe unakuruhusu usiseme, na sisi wa fani hii tumelikalia miaka na miaka kama kigoda.

Wiki tatu baadaye polisi walimaliza kazi yao. Daktari alithibitisha mtoto alizama. Cherehani mama aliinunua kwa zamu yake ya kupokea pesa za upatu. Wanawake wenzake walioweka naye walikuwepo na daftari lao. Nilirudi kumtafuta. Mwenye nyumba alikwisha kumtoa, kwa hofu kwamba wapangaji wengine wangehama. Nilimkuta kwa kaka yake, upande wa pili wa mji, ameketi kwenye kigogo anachambua mchicha. Nilijitambulisha. Hakunitukana. Aliingia ndani akatoka na kadi ya kliniki ya mtoto, ile ya kupimia uzito, na ndani yake palikuwa na kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne. Akakikunjua akakilaza gotini. Jina langu lilikuwa pale juu kwa herufi nene.

Akaniuliza, “Kaka yangu, siku ile wewe ulifika kwangu? Mbona mimi sikukuona?”

Sikuwa nimefika kwake. Nyumba yake ilikuwa hatua hamsini kutoka penye lile shimo, na sikubisha hodi.

Marekebisho tuliyatoa. Yalikuwa mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la mtu aliyepotelewa na hati ya kiwanja. Yeye hakujua kwamba kuna Baraza la Habari Tanzania, ambalo liliundwa mwaka 1995 na hupokea malalamiko ya aina hiyo. Mimi nilijua, na sikumwambia. Hilo nalo nalibeba.

Nirudi Australia.

Uchunguzi wa kwanza wa kifo cha Azaria uliendeshwa na hakimu Denis Barritt. Alisikiliza, akapima, na Februari 1981 akatoa uamuzi kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto, na kwamba wazazi hawana hatia. Kisha alifanya jambo ambalo halikuwahi kufanyika nchini kwao: aliruhusu uamuzi huo usomwe moja kwa moja kwenye televisheni, kwa sababu aliona familia hii imeumizwa na uvumi kiasi kwamba ni lazima taifa zima lisikie kwa wakati mmoja. Fikiria hakimu anayelazimika kutumia kamera kufuta kilichoandikwa kwa wino.

Hakikufutika. Polisi waliendelea kuchimba. Septemba 1981 waliipekua nyumba ya familia, wakati huo wakiishi Cooranbong, New South Wales. Wataalamu wa maabara wakasema wameona ndani ya Torana damu ya mtoto mchanga. Uamuzi wa Barritt ukatenguliwa, uchunguzi wa pili ukafuata, na Septemba 1982 kesi ikaanza mjini Darwin. Upande wa mashtaka ulidai kwamba Lindy alimkata mtoto shingo ndani ya gari na kuuficha mwili kwenye mkoba wa kamera, halafu akarudi penye moto kupika. Hakuna mwili, hakuna sababu, hakuna aliyeona. Nje ya mahakama watu walivaa fulana zilizoandikwa kwamba dingo hana hatia. Jopo la raia 12, wanaume 9 na wanawake 3, lilitoka Oktoba 29 na kusema Lindy ana hatia ya kuua. Akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Michael alipewa kifungo cha nje cha miezi 18 kwa kumsaidia baada ya tendo.

Kuna watakaosema: haya ni makosa ya maabara na mahakama, gazeti linahusika vipi? Nawaheshimu wanaosema hivyo, lakini sikubaliani nao. Watu wale 12 hawakushushwa kutoka mwezini. Walikuwa wameishi miaka miwili ndani ya nchi ambayo kila meza ya chai ilikuwa na jibu lake kuhusu gauni jeusi. Mtaalamu anaposimama kuwaambia kuna damu, anaikuta nafasi imeshasafishwa na kutandikwa. Na Waanangu, ambao walizisoma nyayo usiku ule ule, ujuzi wao haukupewa uzito wa hata nusu ya tone la maabara. Magazeti hayakuwa yamewafundisha wasomaji kuwasikiliza watu wale.

Lindy alipohukumiwa alikuwa na mimba kubwa. Novemba 17, 1982, wiki tatu hivi baada ya hukumu, akiwa chini ya ulinzi, alijifungua binti wa pili, Kahlia, na akatenganishwa naye baada ya muda mfupi. Aliachiwa kwa dhamana akingoja rufaa, rufaa ikakataliwa mwaka 1983, akarudi gerezani. Mahakama Kuu ya Australia nayo ikaikataa mwaka 1984, majaji watatu kwa wawili. Wavulana wawili waliompoteza dada sasa walikuwa na mama wa kutembelewa kwa ndege, maili elfu na zaidi kutoka nyumbani, na dada mchanga anayelelewa na watu wengine. Shuleni kila mtoto alijua jina lao la ukoo.

Kilichomtoa Lindy ni ajali ya mtu mwingine. Mwishoni mwa Januari 1986 mtalii Mwingereza aliteleza akaanguka kutoka Uluru, akafa. Waliokuwa wakiutafuta mwili wake chini ya mwamba, karibu na mapango ya dingo, walikuta koti dogo la mtoto, limezikwa nusu mchangani. Ni lile koti ambalo Lindy alisema tangu mwanzo kwamba Azaria alikuwa amelivaa, na ambalo upande wa mashtaka ulisema halikuwahi kuwepo. Siku chache baadaye, Februari 7, akafunguliwa. Tume ya Jaji Trevor Morling ikayapitia yote upya. Ile damu ya chini ya dashibodi ikabainika kuwa dawa ya kuzuia kelele, iliyopuliziwa kiwandani gari lilipotengenezwa. Septemba 15, 1988 hukumu zote mbili zilifutwa, na mwaka 1992 serikali ikalipa fidia ya dola milioni 1.3 za Australia.

Ndoa haikustahimili. Mwaka 1991 Michael na Lindy waliachana. Mwaka huo huo, Marekani, tamthilia ya vichekesho ya Seinfeld ilifanya utani wa dingo na mtoto, watu wakacheka, na utani ule umezunguka dunia mpaka leo midomoni mwa vijana wasiojua kwamba mtoto huyo alikuwepo, alikuwa na jina na siku ya kuzaliwa. Sisemi waandishi wa tamthilia ile walikuwa watu wabaya. Kufikia wakati huo habari ilikwisha kupita mikononi mwa wengi mno, na kila mkono uliondoa kidogo cha ubinadamu wake.

Na bado cheti cha kifo hakikuwa na jibu. Uchunguzi wa tatu, mwaka 1995, uliacha sababu ya kifo wazi, haijulikani. Serikali imekwisha kulipa, mahakama imekwisha kufuta, lakini kwenye karatasi ya mtoto pameachwa pengo, na kila penye pengo uvumi una pa kulala. Mwaka 2001 dingo walimuua mvulana wa miaka 9 kwenye kisiwa cha Fraser, Queensland, na watu wengi ndipo walipokubali kwa mara ya kwanza kwamba mnyama huyu anaweza. Mtoto wa watu wengine alilazimika kufa ndipo Lindy aaminiwe.

Gauni lile jeusi leo liko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Australia, Canberra, na gari la njano pia. Maktaba ya Taifa inahifadhi barua alizoandikiwa Lindy na watu asiowajua, maelfu kwa maelfu, nyingine za kumtukana, nyingine za kumwomba radhi. Alizitunza zote. Wapo walioandika wakiwa wadogo, wakimchukia kwa sababu baba na mama walimchukia, kisha wakaandika tena wakiwa wazazi. Ningependa kila anayeanza kazi kwenye chumba cha habari apewe asubuhi moja ya kuzisoma barua hizo kabla ya kupewa kompyuta.

Juni 12, 2012, mjini Darwin, hakimu Elizabeth Morris alisoma uamuzi wa uchunguzi wa nne. Azaria Chamberlain alikufa kwa kushambuliwa na kuchukuliwa na dingo. Aliwapa pole wazazi na ndugu kwa kifo cha mpendwa wao, maneno ambayo familia nyingine hupewa siku ya kwanza, na alipokuwa akiyatamka sauti yake ilikatika. Michael alikuwa na miaka 68, Lindy 64. Michael angefariki mwaka 2017. Walitoka nje wakiwa na cheti kilichosahihishwa, wakakionyesha kwa waandishi waliojaa pale uani.

Jana yake, Juni 11, Azaria angetimiza miaka 32. Kaka yake Aidan, aliyekuwa na miaka 6 usiku ule wa kambini, alikuwemo mahakamani. Alikuwa na miaka 38.